Kilio Bila Maiti

Jipu halianzi likiwa jipu. Huanza kama kiwasho kidogo cha pajani, mtu akajikuna huku akiendelea na soga zake, na kesho yake akajikuna tena kwa sababu kujikuna kuna utamu wake. Siku anapofunua nguo na kukuta pamevimba na kuwa pekundu, ndipo anapoanza kuwauliza wenzake jambo hilo limetoka wapi. Wahenga waliliona hilo mapema wakatuachia methali, nasi tukaigeuza kitu cha kuandikia insha, tukapewa alama zetu na kuisahau. Nasipwondi naye aliiandikia insha alipokuwa darasa la saba huko Kimilili, akapata alama thelathini na nne kwa arubaini. Hakujua kwamba angekuja kuisoma upya akiwa mtu mzima, kando ya ziwa, mchana wa jua kali.

Nasipwondi alikuwa muuguzi. Mama yao alipofariki, alihamia Kisumu na mdogo wake Naswa, wakapanga chumba kimoja Dunga, hatua chache kutoka ufuoni, katika ploti ya Mama Achola mkaanga samaki. Naswa alikuwa na miaka kumi na tisa, mcheshi, mwenye vidole vyepesi vya kusuka nywele. Lakini alikuwa na kifafa, na dawa alizokunywa zilikipunguza tu, hazikukimaliza. Kabla hakijamwangusha, pua yake ilikuwa ikisikia harufu ya maziwa yaliyoungua, naye akasema, "Dada, maziwa," akaketi chini upesi kabla ya dunia kumponyoka.

Siku ambazo hakuwahi kuketi, Nasipwondi alikuwa na silaha moja tu, nayo ni sauti. Alipiga ukemi mmoja na Dunga nzima ikatoka. Frankline, fundi wa mashua, aliangusha nyundo akaja mbio kumbeba msichana hadi kwenye pikipiki yake. Mama Achola alifika na mwiko mkononi, bado unadondosha mafuta. Mara tatu katika mwaka mmoja walimwokoa Naswa namna hiyo, na mara moja kichwa chake kilikuwa shibiri moja kutoka kwenye jiko la makaa. Huko kwa Wabukusu, kama ilivyo kwa Wajaluo, ukemi wa kuomba msaada na kilio cha msiba ni ndugu wa tumbo moja. Vyote huanza na "Uuuwi!", na jirani mwema hangoji kuuliza ni kipi.

Basi ilikuwa Nasipwondi amejiunga na darasa la Kijerumani mjini, kama wauguzi wengi wa siku hizi wanaotaka kwenda kufanya kazi Ulaya. Mpango wake ulikuwa mmoja: afaulu mtihani, aende, amtafutie Naswa madaktari wa maana. Mwalimu wao alikuwa Heidrun, mwanamke wa Austria mwenye miaka thelathini na kitu, mrefu, mwekundu wa jua, mwenye kicheko cha kuambukiza. Mama Achola alipomsikia akisema kwamba ndege yake ilitua Kisumu usiku wa manane, alimbandika papo hapo jina la Awuor, ambalo Wajaluo humpa msichana aliyezaliwa saa hizo, na jina likamkaa. Mwalimu Awuor alifundisha Kijerumani asubuhi, na alasiri yeye mwenyewe akawa mwanafunzi. Alikuwa akishuka Dunga kujifunza Kiswahili na Kidholuo, huku Nasipwondi akimshikia simu na kumrekodi. Video zake ziliitwa "Neno la Leo." Neno la leo ni mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Neno la leo ni mafunjo. Neno la leo ni kusengenya, na hapo Mama Achola alimpa mifano mpaka simu ikaisha chaji.

Watu walimpenda. Mzungu kuuliza bei ya omena kwa Kidholuo, akakosea, akajicheka mwenyewe, ni nani asingemtazama? Miezi mitano haikutimia kabla ya wafuasi wake kupita laki sita. Akienda sokoni Kibuye watu walipanga foleni kupigwa picha naye. Vituo vya redio vilimwita. Na kwao Austria, alikoondoka bila hata jirani kumuaga, magazeti yakaanza kuandika habari zake. Sifa ni kama pombe ya mahindi, haimlevyi mnywaji kwenye bakuli la kwanza. Mwalimu Awuor alianza kuona kwamba mbuta na mafunjo havitoshi tena, kwamba watu wanataka kitu chenye mshindo.

Siku ya mshindo ilikuwa Jumanne moja ya Aprili, saa tisa alasiri, ziwa limetulia tuli. Walikuwa wameketi nyuma ya kibanda cha Mama Achola, Mwalimu Awuor, Nasipwondi na Naswa.

"Leo nataka sauti, si neno," alisema Mwalimu Awuor kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Nimewahi kusikia wanawake wakilia msibani kule Kombewa. Sauti ile ilinitoboa moyo. Nifundisheni."

"Mwalimu, hiyo haifundishwi," Nasipwondi alisema. "Inakuja yenyewe ikiwa na sababu."

"Mara moja tu. Nitajaribu mwenyewe."

Akajaribu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi aliyenaswa kwenye ua wa miiba. Naswa alicheka hadi akashika mbavu, na Nasipwondi naye akacheka, na katika kucheka kule akasahau marehemu bibi yake alivyomwambia utotoni, kwamba kinywa cha mwanamke hakilii bila maiti. Akasema, "Basi wewe fungua mdomo tu, weka mikono kichwani. Sauti nitakutolea mimi hapa nyuma ya simu." Alikuwa akifanya mzaha. Akavuta pumzi, akafumba macho, akaiachilia.

"Uuuwi! Uuuwi! Uuuuuwi!"

Ilitoka yote, na alipomaliza yeye mwenyewe nywele zilikuwa zimemsimama. Ndege wote walikuwa wameruka kutoka kwenye mafunjo. Kisha vikasikika vishindo vya miguu. Frankline alifika kwanza, akihema, macho yakimtafuta Naswa chini. Nyuma yake Mama Achola na mwiko wake, na wanawake wanne, na mmoja tayari alikuwa amefungua kitambaa cha kichwa kwa kuomboleza.

"Nani amekufa?" aliuliza Mama Achola.

"Hakuna, Mama. Ni video tu," alisema Nasipwondi, bado akitabasamu kwa aibu.

Mama Achola hakucheka, yeye ambaye hucheka hata padre akijikwaa. Alimtazama Nasipwondi, akamtazama Naswa, akatazama majini.

"Sasa mmelia nani?"

Akauweka mwiko chini.

"Ai yawa! Nyathina, mtoto wangu, huku kwetu mtu halii hewa. Ukilia na hakuna maiti, hiyo kilio inatoka inaenda kutafuta yake. Haiwezi rudi mikono mitupu." Akamgeukia mzungu. "Na wewe Awuor, hii si neno la leo. Futa hiyo kitu."

Mwalimu Awuor aliahidi kuifuta. Lakini jioni aliitazama mara moja, akaitazama mara ya pili, akaona jinsi mdomo wake na sauti ya Nasipwondi vilivyooana kana kwamba ni mtu mmoja, na kidole chake kikafanya kinyume cha ahadi. Kulipokucha video ilikuwa imetazamwa na watu milioni mbili. Nasipwondi alipoiona, alikasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha akasoma maoni ya watu waliosema hawajawahi kusikia sauti kali namna ile, na nisimfichie, hasira ikayeyuka. Nani hapendi kusifiwa, hata kwa jina la mwingine?

Ndani ya wiki mbili kilio kile kilikuwa kila mahali. Vijana walikikata kutoka kwenye video, wakakitia midundo. Timu ikifungwa bao, "Uuuwi!" Stima ikipotea, "Uuuwi!" Kinyozi wa Nyalenda alikiweka kuwa mlio wa simu. Madereva wa matrekta ya miwa walikuwa wakikipiga huko Muhoroni, na watoto wa shule Dunga walikuwa na mchezo wake: mmoja anajilaza chini, wengine wanalia, kisha aliyelala anafufuka wanakimbizana. Mwanzoni watu wa ufuoni walishtuka kila mara. Frankline aliangusha nyundo mara sita siku moja. Siku iliyofuata aliangusha mara mbili. Kufikia Mei aliendelea kugonga misumari yake bila kuinua kichwa, na Mama Achola naye akazoea.

Kisha mambo yakaanza kuwa mengine.

Alhamisi moja Nasipwondi alirudi kutoka darasani akamkuta Mama Achola ameketi, mafuta yamepoa karaini, samaki hajageuzwa.

"Leo saa sita ulikuwa unalia nini pale kwa mafunjo?" aliulizwa.

"Saa sita nilikuwa mjini, Mama. Nilikuwa darasani."

"Mimi najua sauti yako. Haikuwa na ngoma, haikuwa simu. Nilienda mpaka kwa maji. Nimekuta nyasi inatingika peke yake, na upepo haikuwa."

"Labda ni mvuvi, na simu yake."

"Labda," alisema Mama Achola, akawasha moto upya.

Siku mbili baadaye Frankline naye alieleza, akicheka cheka kama mwanamume asiyetaka kuonekana mwoga, kwamba alikisikia kikitoka mbali majini, ng'ambo ya magugumaji, mahali ambapo hapakuwa na mashua hata moja. Kilikuwa kikisogea huku na huku, alisema, kama mtu anayetafuta.

Nasipwondi alipiga moyo konde. Yeye ni mtu wa hospitali, ameona wafu na waliokaribia kufa, hawezi kutishwa na mwangwi. Lakini Jumapili baada ya ibada, Naswa alikuwa akimsuka nywele mlangoni, mara vidole vikasimama.

"Dada, nikwambie kitu na usiogope?"

"Sema."

"Siku hizi sisikii harufu ya maziwa tena. Kabla nianguke nasikia wewe."

"Mimi nafanya nini?"

"Unalia. Ile kilio ya Awuor, lakini hii iko na maneno. Unasema, 'Naswa wee, umeniacha na nani?' Halafu giza."

Nasipwondi aligeuka upesi. Katika video hakukuwa na neno hata moja, wala jina la mtu. Alijaribu kusema ni dawa, ni uchovu, ni zile simu za watoto zinazopiga kelele kutwa, lakini hata yeye hakuyaamini. Alimvuta mdogo wake akamkumbatia, nywele zikiwa zimesukwa nusu, na hofu aliyoipata siku hiyo haikumtoka tena. Alimkataza kwenda majini peke yake. Alimkataza hata kufua.

Kesho yake alimfuata Mwalimu Awuor kabla ya darasa kuanza.

"Mwalimu, ile video ifutwe leo. Nakuomba kama dada yangu. Sauti ni yangu, na inamtafuta mtoto wetu."

Mwalimu Awuor hakumcheka. Naye alikuwa amekonda siku zile. Alitoa simu, akaifuta mbele ya macho ya Nasipwondi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimeifuta ya kwangu. Lakini watu wameinakili mara elfu nyingi, Nasipwondi. Siwezi kuingia katika simu za watu." Akairudisha simu mfukoni. "Jumamosi nitatangaza mubashara kutoka Dunga. Nitawaambia ukweli kwamba sauti haikuwa yangu, niwaombe radhi, niwaombe waiache. Njoo unishikie simu. Watanisikiliza."

Nasipwondi alikubali. Ilikuwa njia pekee aliyoiona.

Jumamosi ilifika na jua la kupasua mawe. Saa sita na robo walikuwa ufuoni, watazamaji elfu arubaini wamekwisha kuingia, na vimoyo vyekundu vikipanda kwenye kioo cha simu kama mapovu. Frankline alikuwa hatua hamsini, amepiga magoti kando ya mashua iliyopinduliwa. Mama Achola alikuwa kibandani. Naswa aliachwa nyumbani, ameahidi kutotoka. Lakini msichana wa miaka kumi na tisa hawezi kufungwa ndani kama kuku, na sufuria chafu zilikuwa zimejaa. Mwalimu Awuor alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema, "Rafiki zangu, leo sina neno," Nasipwondi alipomwona mdogo wake kule mwisho wa ufuo, ameinama majini akisugua sufuria.

Akataka kumwita. Kabla hajafungua kinywa, Naswa alisimama wima. Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina, akageuka akamtazama dada yake moja kwa moja, uso umejaa mshangao. Nasipwondi alikuwa amefunga mdomo. Hakuwa ametoa sauti yoyote. Naswa aliweka mkono sikioni, akatikisa kichwa taratibu, akaanguka kinyumenyume majini, na magugumaji yaliyokuwa yameachana yakarudiana juu yake.

Nasipwondi aliitupa simu akakimbia. Alikimbia akipiga ukemi kwa nguvu zake zote.

"Uuuwi! Uuuwi! Njooni! Uuuuuwi!"

Frankline aliusikia. Alisema hivyo mwenyewe baadaye, na atakuwa akisema hivyo mpaka kaburini. Aliusikia, akatabasamu, akatwanga msumari. Mama Achola aliusikia, akamwambia mteja wake, "Wacha, ni simu ya Awuor. Iko laivu leo," akageuza samaki upande wa pili. Watoto watatu waliokuwa wakicheza mchangani waliitikia, mmoja akajilaza chini.

Maji yalimfika Nasipwondi kifuani. Mizizi ya magugumaji ilikuwa imefumana kama mkeka, na kila alipoipasua ilijifunga nyuma yake. Mwalimu Awuor alikuwa ameingia naye, na nguo zake zote, wakipapasa chini kwa mikono bila kuona kitu. Walishika tope. Wakashika sufuria. Nyuma yao, simu ilikuwa imelala mchangani ikitazama mbingu, bado inarusha sauti, na watu elfu arubaini walikuwa wakituma vimoyo na vicheko. Mmoja aliandika kwamba leo imetoka vizuri kuliko ile ya kwanza.

Mwalimu Awuor ndiye aliyetoka majini. Alimkimbilia Frankline, magugu yakimning'inia shingoni, akaishika ile nyundo akaitupa, akamvuta kwa ukosi wa shati huku akisema Kijerumani, kwa maana Kiswahili chote kilikuwa kimemkimbia. Frankline aliutazama uso ule, na hapo ndipo alipoelewa. Alipiga mbizi mara mbili. Mara ya pili alimpata Naswa na kumleta juu ya mikono yake, mwepesi, nywele zimetapakaa. Walimlaza mchangani. Nasipwondi, muuguzi wa miaka minane, alimkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, akahesabu, akaanza upya, akahesabu, mpaka Mama Achola alipomshika mabega kutoka nyuma na kumzuia.

Ndipo alipolia. Maneno yalimtoka bila yeye kuyatafuta.

"Uuuwi! Naswa wee! Naswa wee, umeniacha na nani?"

Akanyamaza ghafla, mkono mdomoni. Alikuwa ameyatambua. Na pale mchangani, kwenye kioo cha simu ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, mtu wa mbali aliandika, "Leo ameongeza maneno. Tamu!"

Walimzika wiki iliyofuata, lakini kabla ya safari ya Kimilili, jeneza lilipitishwa Dunga ili majirani wamuage. Mwalimu Awuor alikuwepo, amevaa nguo nyeusi ya kuazima. Kurasa zake zote alikuwa amezifunga, na mtihani wa Kijerumani ulikuwa umefanyika bila Nasipwondi. Hakuna aliyemtukana mzungu. Mama Achola alimpa hata kiti, kwa maana kila mtu pale alikuwa na sehemu yake ya kujilaumu.

Jeneza lilipotolewa kwenye gari, ulifika wakati wa wanawake kulia. Hivyo ndivyo inavyofanywa, na mfu asiyeliliwa ni aibu kwa ukoo wake. Lakini walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake, na hakuna aliyethubutu. Sauti ile ilikuwa imekwisha kuchezewa. Ingetoka kinywani kama mlio wa simu ya kinyozi. Macho yote yakamgeukia Nasipwondi. Alisogea mbele, akaweka mikono kichwani, akafungua kinywa. Haikutoka hata pumzi. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka, na kinywa kikabaki wazi bila sauti, kama kile cha mwalimu wake siku ile ya kwanza.

Hapo ndipo kilio kilipokuja. Kilitoka upande wa ziwa, cha mbali kwanza, kisha karibu, kisha hapo hapo juu ya jeneza: "Uuuwi! Naswa wee, umeniacha na nani?" Watu waliingiza mikono mifukoni. Frankline alitoa simu yake; ilikuwa imezimwa. Mama Achola alitoa yake, ilikuwa imezimwa. Mmoja baada ya mwingine waliziinua juu, vioo vyote vikiwa vyeusi, nacho kilio kiliendelea kumlilia Naswa kwa sauti safi kabisa ya dada yake, mpaka kiliporidhika kikanyamaza. Tangu hapo hakijasikika tena Dunga, na Nasipwondi hajaipata sauti yake hadi leo. Kweli hawakukosea waliosema: mzaha mzaha, hutunga usaha.